Mkwe Msomi

Mume wangu alinikana mbele ya darasa zima, tena kwa sauti ile ile anayoitumia kuniomba chumvi mezani. Mwalimu alimuuliza yeye kama kiongozi wa darasa, "CR, mnafahamiana na huyu mama?" Naye akanitazama mimi, Badria, mama wa mtoto wake, niliyempigia pasi shati alilokuwa amelivaa, akasema, "Hapana, madamu. Sura ngeni kabisa."

Nilibaki nimeshika mlango. Ningeuachia ningeanguka na mkoba wangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana kila ninayemsimulia huniambia nimechanganya mambo.

Chuo chenyewe kiko ghorofani, upande wa Mnazi Mmoja, juu ya maduka ya vifaa vya umeme. Asubuhi wanasoma vijana, jioni tunasoma sisi tunaotoka kazini. Nilijiandikisha kozi ya uhasibu, kozi niliyoisoma mwaka mmoja nikiwa binti kabla baba yangu, Mzee Mbaruku, hajanitoa. Hakunitoa kwa kukosa ada, wala sikuwa mtukutu. Nilikuwa naongoza darasa. Ilikuja posa tu, basi. Mshenga, Mzee Uledi, alikaa kwenye jamvi nyumbani kwetu Ilala akamwaga sifa za bwana harusi: kijana wa Kariakoo, ana duka la vitenge, hanywi, hachezi kamari, na juu ya yote ni msomi, amemaliza chuo cha biashara na cheti anacho. Hapo kwenye cheti baba akakaa sawa. Baba yangu anawapenda wasomi kuliko wasomi wanavyojipenda wenyewe. Nikaitwa chumbani nikaambiwa, "Mwanangu, elimu imekufuata nyumbani. Nyumba moja haihitaji wasomi wawili."

Nililia mpaka siku ya kupakwa hina, na watu wakasema bibi harusi ana haya.

Idrisa ni mume mzuri, sitamsingizia. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na Nasreen binti yetu anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Kwa baba yangu ndiyo usiseme. Ikija barua ya serikali ya mtaa, au mjukuu akileta matokeo ya shule, mzee hatii neno. "Mpelekeeni mkwe wangu msomi." Idrisa huikunja ile karatasi, anasema ataitazama dukani kwa utulivu, na kesho yake anarudi na jibu. Mimi nikajua ana shughuli nyingi.

Nilipomwambia siku moja kwamba natamani kurudi chuo, alibadilika uso. "Chuo gani? Kiko wapi? Jioni au asubuhi?" Maswali yalikuwa mengi kama ya polisi, mwisho akasema tuyaache kwanza. Nikamwelewa nilivyomwelewa: mwanamume msomi hapendi mke amfikie. Basi nikafanya kimyakimya. Nasreen ndiye aliyenijazia maombi kwenye simu. Mimi hupika chakula cha mchana cha kupeleka maofisini Posta, na alasiri sufuria zangu zinakuwa zimeshaoshwa, kwa hiyo jioni ninayo. Nikamwambia mume wangu nitakuwa naenda kukaa na shangazi Tatu, ambaye anaumwa miguu. Shangazi Tatu anaumwa miguu kweli, lakini haumwi kiasi hicho.

Idrisa hakubisha, na kutobisha kwake kulinikera. Yeye pia ana jioni zake. Kila siku akifunga duka anapita nyumbani, anaoga, anajipulizia manukato, anavaa shati la pasi, anasema anaenda kunywa kahawa na wenzake kule Msimbazi. Nani anajipulizia manukato kwenda kunywa kahawa? Nilishajua. Akilini mwangu yule mwanamke nilishampa hadi umbo: mwembamba, mweupe, anauza vipodozi. Nilishajiandaa kwa mke mwenza. Kwa daftari sikujiandaa.

Mratibu wa chuo, mama mpole, aliyatafuta matokeo yangu ya zamani akayakubali, akaniingiza muhula wa pili wa mwaka wa kwanza. Lakini alinionya. "Mtaala unabadilika, mama. Hawa ndio wa mwisho kupokelewa na matokeo ya zamani. Ukikosa awamu hii, unaanza moja." Niliondoka pale nimelikumbatia daftari langu jipya kama mtoto mchanga.

Siku ya kwanza nikapanda ngazi, nikasukuma mlango, nikaona mwanamume amesimama mbele anakusanya kazi za wanafunzi. Vijana wanampa makaratasi, "Mzee CR, yangu hii hapa," naye anayapanga kwa ule utaratibu wake wa kupanga vitenge, ncha juu ya ncha. Mgongo niliujua kabla ya uso. Nilidhani nimekosea mlango. Nikatoka, nikasoma kibao, nikarudi ndani. Bado alikuwa Idrisa.

Hapo ndipo mwalimu, Madamu Jovitha, alipomuuliza kama tunafahamiana, na mume wangu akasema sura ngeni kabisa.

"Basi mtafahamiana," akasema Madamu Jovitha, mwanamke kijana mwenye miwani, mcheshi. "Wanafunzi wageni wote wanakaa na wenyeji. Kesho kwenye somo la mawasiliano kila mtu atasimama amtambulishe mwenzake: ni nani, na kwa nini amerudi shule. CR, mchukue huyu mama."

Nikakaa pembeni yake. Yale manukato nilimnunulia mimi mwenyewe Sikukuu ya Idi.

"Badria," akanong'ona.

"Hunifahamu. Kaa kimya."

Sijui tulifundishwa nini siku hiyo. Niliona midomo ya mwalimu ikienda, ubao ukijaa, na mkono wa mume wangu ukiandika haraka haraka, mwandiko mzuri wa mviringo ambao miaka yote hii sikuwahi kuuona ukiandika zaidi ya bei za vitambaa.

Tulipotoka alinivuta pembeni kwenye ngazi. Chini wenye maduka walikuwa wakishusha mageti kwa kishindo.

"Unafanya nini hapa, Mama Nasreen?"

"Wewe unafanya nini? Chuo si ulishamaliza kabla hujanioa? Umekuja kuwasaidia kusahihisha?"

Akatazama viatu vyake. "Sijawahi kusoma chuo."

"Unasemaje?"

"Niliishia la saba. Sekondari nimeisoma jioni, hapa hapa Kariakoo, wakati wewe unajua niko kwenye kahawa. Nikapasi. Ndiyo nikaingia hapa."

Nilikaa chini, pale pale kwenye ngazi. Vijana wakawa wananiruka, "Samahani, mama, samahani," na mimi sina hata nguvu ya kuwasogezea miguu. Kama angeniambia ana mke mwingine na watoto mapacha, ningepiga kelele. Kwa hili sauti haikutoka.

"Mzee Uledi alisema una cheti," nikasema mwishowe. "Alisema mbele ya baba yangu."

"Alisema mimi nikiwepo? Nani anajiposea mwenyewe? Mimi nilikuwa dukani nasubiri majibu. Nilisikia siku ya ndoa, baba yako ananishika mkono ananionyesha kwa wageni: huyu ndiye mkwe wangu msomi. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamfuata Mzee Uledi nyuma ya turubai. Unajua aliniambiaje? Aliniambia, kijana, posa haipelekwi kavu, mchuzi lazima utiwe nazi. Utasoma mbele ya safari."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Kila nikitaka kusema, mzee analeta barua nyingine nimsomee. Barua za Kiingereza, Badria! Nilikuwa nampelekea wakili mmoja mtaani kwetu anisomee. Mwisho nikasema bora nisome, nimfanye Uledi awe mkweli."

Ningemwonea huruma. Kweli, nilianza kumwonea. Lakini bado nilikuwa na swali langu.

"Na ninyi mliambiwa nini juu yangu? Unajua kwa nini sikumaliza chuo?"

"Ulichoka mwenyewe," akasema, kwa uhakika kabisa. "Mzee Uledi alirudi akatuambia binti ana akili ila vitabu amevikinai, anataka nyumba yake."

Nikacheka. Kicheko kibaya, mlinzi akatuangalia. Miaka yote nimelala kitanda kimoja na mtu anayeamini nilivichoka vitabu, na mimi naamini yeye amevimaliza!

"Nilitolewa chuo kwa sababu ya cheti chako, Idrisa."

"Cheti gani?"

"Ndiyo hivyo. Cheti gani."

Nilimwona akilielewa taratibu, kuanzia machoni hadi mabegani. Nilidhani sasa atasema neno la maana. Akasema, "Nakuomba kitu kimoja. Subiri mwakani. Nimalize mimi kwanza nipate hicho cheti, halafu na wewe uje. Mle ndani kuna wauzaji wa mtaa wetu. Leo wakijua sisi ni mke na mume, kesho baba yako anajua mkwe wake yuko mwaka wa kwanza. Mzee ana presha, unajua."

"Mwakani matokeo yangu hayapokelewi."

"Basi si utaanza moja tu."

Nilimtazama. Nadhani alijisikia mwenyewe alivyosema, maana aliondoa macho. Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye upande ule wa barabara, mimi huu, mtu na mgeni wake. Nikampakulia chakula. Akala. Nasreen akatuuliza kuna msiba gani, tukamjibu kwa pamoja kwamba hakuna.

Niliumia, na sitaficha. Uongo wa Uledi ni wa Uledi, Mungu atamuuliza. Lakini "sura ngeni kabisa" alisema mume wangu, kwa mdomo wake, bila kufunzwa na mshenga. Na "utaanza moja" alisema baada ya kujua. Kesho yake niliunguza wali, mimi ambaye wateja wa Posta hunisifia wali kila siku. Nilikaa karibu na sufuria nikiwaza: nikiacha, mzee ataendelea kujivuna na mkwe wake, nyumba itakuwa na amani, na mimi nitakuwa nimetolewa chuo mara mbili kwa sababu ya cheti kile kile ambacho hakipo. Jioni nikavaa, nikaenda. Sikwenda kwa ushujaa. Nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa inatembea haraka kuliko mimi. Njiani niliyapanga maneno ya kumtambulisha Idrisa kwa darasa. Yalikuwa makali, na yote yalikuwa ya kweli.

Nilimkuta ameshakaa. Hakujipulizia manukato siku hiyo.

Wenzetu wakaanza kutambulishana. Huyu amerudi apandishwe cheo, yule amerudi kwa sababu mwajiri kambana, mwingine mama yake alimuusia. Watu wakicheka, wakipiga makofi. Kisha Madamu Jovitha akasema, "Haya, CR na mama. Mwenyeji aanze."

Idrisa akasimama. Alishika meza kwa mikono miwili.

"Anaitwa Badria Mbaruku."

"Hee, CR!" Madamu akatania. "Jana hukumjua hata sura, leo umeshafika kwa baba yake?"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Idrisa akangoja kiishe.

"Ni mke wangu, madamu."

Nilisikia feni. Msichana mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu!" Mimi nikawa namtazama kama wao walivyokuwa wakimtazama, mdomo wazi.

"Jana nilidanganya," akaendelea. "Huyu alikuwa anaongoza darasa chuoni kwao. Akatolewa aolewe na msomi. Msomi mwenyewe ndiye mimi, na mimi nilikuwa nimeishia la saba. Mmeniuliza kwa nini amerudi shule. Amerudi kwa sababu hakutakiwa kuondoka."

Hyasinta, anayeuza viatu duka linalotazamana na la Idrisa, alikuwa ameshainua simu. Idrisa akamgeukia.

"Hyasinta, weka simu. Baba mkwe nitamwambia mwenyewe, leo hii nikitoka hapa."

Akakaa. Nami sikujua nifanye nini na uso wangu. Hasira bado ilikuwepo, haikwenda popote, ila sasa ilikuwa imekosa pa kukaa.

"Mama," akasema Madamu Jovitha, taratibu sana. "Ukipenda, unaweza kuacha."

Nikasimama. Yale maneno yangu makali nikayatafuta, nikayakuta yote yameshasemwa, na aliyeyasema ni mwenyewe.

"Anaitwa Idrisa Adamu," nikasema. "Anauza vitenge. Ni baba wa mtoto wangu."

Madamu akangoja, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na kwa nini amerudi shule?"

Nikamtazama mume wangu pale alipokaa, na daftari lake limefunguliwa, na kalamu sikioni kama fundi.

"Hajarudi, madamu. Ndiyo kwanza anaanza."

Kisha nikavuta kiti changu, nikakaa, nikafungua daftari.