Samaki Waliofuturishwa

Miezi mitano Uthmani alikaa na neno kooni, na siku majibu yalipofika kutoka ng'ambo ndipo lilipoanza kumkaba kwelikweli.

Kazi yake ilikuwa kutunza samaki katika maabara ndogo huko mtaa wa Rohero, mjini kando ya ziwa: kubadilisha maji, kupima joto, kufuta vioo, na kunyamaza wataalamu wanapofikiri. Mkubwa wake alikuwa Daphrose, dogiteri, msomi wa ubongo wa wanyama, ambaye alishirikiana na watafiti wa mbali wanaochunguza pweza. Pweza jike, alimweleza siku moja, hulinda mayai yake bila kutia kitu kinywani mpaka anakufa. Uthmani hajamwona pweza tangu azaliwe, lakini habari hiyo ilimkosesha raha siku nzima. Hapa pweza hakuna. Ila Ziwa Tanganyika lina samaki anayebeba mayai na watoto mdomoni wiki tatu, naye inasemekana hali kitu. Daphrose alitaka kujua: ubongo wa mama huyo unasikia njaa na kuvumilia, au zile jeni zinazoleta njaa zinazimwa mpaka watoto watoke?

Basi wakatengwa samaki sita wenye mayai, kila mmoja na tangi lake, na wengine sita wasio na kitu mdomoni. Amri ilikuwa moja kwa wote kumi na wawili: siku ishirini na moja, hakuna chakula.

Sasa nani alipanga jambo hilo liangukie Ramadhani? Uthmani naye alikuwa amefunga. Jua likizama alifuturu palepale maabara kwa tende na chai ya chupa, na wale mama wakimtazama kupitia vioo, mashavu yamewajaa. Akawaza kwa akili yake ya mtaani kwao Buyenzi: ikiwa mwanamke anayenyonyesha ana ruhusa ya kula mchana, sembuse hawa ambao hata magharibi imewapita wamefunga? Aliona aibu kula peke yake. Akasaga ndagala mkavu, dagaa wa ziwani, kiganjani mpaka akawa vumbi, akanyunyiza katika matangi matano ya wale mama. La sita lilikuwa sakafuni chini ya meza, na goti lake la kulia lilikataa kuinama baada ya kushinda na njaa. Wale wasio na mayai hakuwapa, maana hao hawakuwa na udhuru. Alifanya hivyo kila jioni, akisema Bismillahi, na wala hakujiona mkosaji, mjinga wa Mungu huyu!

Alielewa kosa lake siku samaki walipouawa na bongo zao kugandishwa kwa safari ya ng'ambo. Daphrose alifunga sanduku akisema kazi nzima ilisimama juu ya jambo moja, kwamba hakuna hata punje iliyoingia majini. Uthmani akajiambia atasema kesho, na kesho zikawa miezi mitano.

Majibu yalipokuja, Daphrose alimshika Uthmani mkono, akimwita kwa jina la mwanawe, akamvuta mbele ya kompyuta.

"Baba Hayat, ona! Wale hawana mayai, jeni za njaa zinalia mu kichwa yote. Wamama, watano kwa sita, kimya! Kimya kabisa!"

"Na wa sita?"

"Uyo aliharibika mu njia, nafikiri. Tumemutoa." Akacheka, kisha macho yakamlowa. "Unajua, wakati ya vita mama alikuwa anatupakulia sisi watano, yeye anakaa pembeni. Anasema, 'Mi sisikii njaa.' Mwaka jana tulimuzika, na mi bado nafikiri alikuwa anatudanganya. Sasa pengine alikuwa anasema kweli. Pengine Mungu alimuzimia njaa." Kisha akaongeza kwamba makala itatumwa Jumatatu, na jina la Uthmani limo, la tano. "We ndiye ulilinda wale samaki."

Jioni hiyo mkewe, Mwanasiti, aliondoa sahani kama alivyoileta. Uthmani alijiona mwizi. Akinyamaza, watu wa pweza watajenga elimu yao juu ya vumbi la ndagala, na jina lake litasafiri na uongo huo dunia nzima. Akisema, kazi yake itaota mbawa, lakini hilo halikumtisha sana. Kilichomtisha ni kwenda kumnyang'anya yatima faraja aliyoipata siku hiyohiyo. Alimwomba Mungu msamaha, akaona hata msamaha wenyewe anauomba kwa mwingine, si kwa yule aliyemkosea.

Jumatatu asubuhi alimkuta Daphrose ameshakaa kitini.

"Dogiteri, mi niliwapa kula."

"Nani?"

"Wale wamama. Kila magaribi, ndagala ya kusaga. Niliwaonea huruma."

Daphrose hakupiga kelele, na Uthmani alitamani angepiga. "Wote sita?"

"Apana. Watano. Ule wa chini ya meza sikumufikia, goti lilikuwa linaniuma."

Daphrose alirudi kwenye kompyuta, akamtafuta samaki wa sita kule alikomtupa. Mistari yake ya jeni za njaa ilikuwa sawa na ya wale wasio na mayai, na mirefu kuwapita.

"Uyu hakuharibika," alisema. "Alikuwa na njaa. Na watoto aliwashika mpaka siku ya mwisho."

"Dogiteri, unisamehe. Unifukuze kama unataka."

Mikono ya Daphrose ilikuwa imeanguka mapajani.

"Mi ndiye nilikuwa mudogo wa wote," alisema. "Nilikuwa namaliza sahani yangu, naomba aniongeze. Na alikuwa ananiongeza."

Uthmani alisimama pale mlangoni. Neno lilikuwa limemtoka kooni, na aliona kwa macho yake limekwenda kukaa wapi.