Hatua Kumi na Tisa

Watoto walikuwa wakila maharage huku wamevaa kofia ngumu. Mmoja alivaa ya baiskeli, mwingine ya besiboli, na binti mmoja wa miaka minne alivikwa ya babu yake ya pikipiki, ikamshuka hadi puani, ikawa kila kijiko kinapotea njia kabla ya kufika mdomoni. Ndiyo desturi ya mji wa Bessel, huko Oklahoma, kila Jumamosi ya kwanza ya Machi. Kabla msimu wa vimbunga haujaingia, familia hukusanyika kwenye kituo cha zimamoto, hugawiwa vipenga na betri za redio, hula, na hucheka kuliko siku nyingine. Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema. Hawakusema kwamba tahadhari yenyewe nayo huuma.

Wynona Tackett alikuwa amejificha nyuma ya sufuria. Kwa kuwa aliwapikia watoto wa shule ya mji ule miaka thelathini, hakuna aliyeshangaa kumwona ameshika upawa. Lakini tangu asubuhi hakuwa ameketi hata mara moja. Mezani, karibu na mlango, palikuwa na daftari kubwa lenye jalada la kijani, naye alijitia hamnazo kana kwamba upande ule wa ukumbi haupo.

"Wynona, mwaka huu chumvi umeiacha nyumbani?" aliuliza jirani yake, Opal.

"Si daktari wako kakukataza chumvi? Nakutunzia roho, nawe unalalamika!"

"Roho yenyewe imeshamchoka huyo daktari."

Watu wakacheka. Wynona naye alicheka, ila kicheko chake kiliisha kabla ya vya wenzake.

Royce Ledbetter, mkuu wa zimamoto, akaja na daftari kwapani. Alikuwa jitu la mtu, lakini Wynona alimlisha tangu akiwa na miaka sita, na hadi leo alipokuwa mbele yake hakujua mikono aiweke wapi.

"Bi Wynona, umebaki wewe tu."

"Maharage yataungua, mwanangu."

"Opal atayakoroga."

"Opal? Opal anaunguza hata maji ya chai."

"Basi nitakoroga mimi. Ila njoo tukae, tafadhali."

Wakaketi. Royce akafungua ukurasa, na mwandiko wa mumewe, Delbert, ukamrukia Wynona machoni, herufi kubwa kubwa zilizoegemea kulia.

*Handaki: hatua 19 kutoka kisimani, kuelekea magharibi. Wanaolala hapa: Delbert, Wynona, na paka akiona vema.*

Kimbunga kikishapita, simu hazisemi na nyumba hazina namba, kwa sababu nyumba zenyewe hazipo. Hapo ndipo wazimamoto hushika daftari lile, wakajua handaki la kujifichia kimbunga la kila nyumba li wapi, na wachimbe mpaka wapate watu wangapi. Ndiyo maana Delbert alipima kuanzia kisimani. Alikuwa akisema kwamba upepo unaweza kuchukua kila kitu, lakini hajapata kusikia umebeba shimo.

Delbert alifariki Novemba kwa maradhi ya mapafu, kwenye kitanda walichomwekea dirishani sebuleni. Nguo zake Wynona alikwisha kuzigawa, na mahali pake kanisani alikwisha kupazoea pakiwa patupu. Lakini katika ukurasa huu Delbert bado alikuwa analala nyumbani.

"Si unajua kama hayupo," Wynona alisema. "Wewe mwenyewe ulishika jeneza. Liache tu jina. Linakudhuru nini?"

"Mimi najua. Lakini huenda siku hiyo nisije mimi. Watakuja vijana wa kaunti za jirani, hawamjui mtu. Wakikupata wewe, watamtafuta Delbert."

Akageuza macho mlangoni. Juu ya mlango wa kituo ilitundikwa kofia moja ya zimamoto yenye ufa. Mei iliyopita, kimbunga kilipopiga, mzee mmoja wa mtaa wa reli alikuwa amehamia kwa bintiye tangu Krismasi, na hakuna aliyekumbuka kulifuta jina lake. Wazimamoto walichimba wakimtafuta kwa muda wa saa tano. Ukuta ukamwangukia na kumuua Coy, mdogo wake Royce, akiwa anamwita kwa jina mtu ambaye wakati huo alikuwa mji mwingine akitazama televisheni.

Wynona aliitazama ile kofia. Coy naye alikula chakula chake shuleni. Coy hakupenda karoti.

Akachukua kalamu. Alipiga mstari mmoja juu ya jina la mumewe, polepole, akiuzungusha mkono kwa uangalifu ili asiguse jina lake mwenyewe lililofuata. Saa sita ikagonga, na king'ora cha majaribio kikaanza kulia juu ya paa, kama kiliavyo kila Jumamosi. Watoto wakaziba masikio. Wynona akashukuru kelele zile, maana alilia kwa sauti na hakuna aliyemsikia ila Royce.

King'ora kilipokoma, Royce alikuwa bado anautazama ukurasa.

"Bi Wynona, hizi hatua kumi na tisa ni za nani?"

"Zake."

"Yule alikuwa na miguu kama ya korongo."

"Alikuwa nayo," alisema Wynona, akajikuta anatabasamu huku pua inamchuruzika.

"Basi inabidi upime upya. Za mtu wa kawaida."

Alasiri ileile alisimama kisimani, akatazama magharibi, akaanza kuhesabu. Alipofika kumi na tisa akasimama. Palikuwa na nyasi tupu, na mlango wa handaki, uliolala ardhini, ulikuwa mbele bado. Akauona tena usiku wa vimbunga vyote walivyovikimbia pamoja. Delbert hutangulia, hufungua mlango, kisha husimama katika mvua ya mawe mkono ameunyoosha nyuma, akimngoja. Miaka arobaini na mmoja Wynona alimwita mtu asiye na subira. Kumbe kila mara alimngoja hatua nane.

Alizitembea zile nane kwa sauti, akihesabu moja moja. Ishirini na saba. Kisha akainama, akashika mpini wa mlango wa chuma kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya maishani mwake. Mlango ukainuka hadi magotini, ukamponyoka. Mara ya pili ukafika kiunoni, ukarudi kwa kishindo. Hakujaribu mara ya tatu. Alikaa juu ya mlango ule mpaka pumzi ilipomrudia, kisha akaingia nyumbani kumpigia Royce simu.

"Ishirini na saba," alisema.

"Ishirini na saba," Royce aliitikia. "Hatua zako?"

"Zangu."

"Haya, Bi Wynona. Nimeandika."

Wynona hakukata simu. Nje upepo ulikuwa mdogo tu, wa kuchezea nyasi.

"Royce."

"Naam."

"Andika na hili. Mlango ni mzito."

Akaisikia kalamu ikiandika upande wa pili.