Sauti Iliyobaki Kazini

Chumba cha huduma kwa wateja cha kampuni ya maji kilikuwa na meza ndogo zilizotenganishwa kwa mbao, feni moja iliyogeukia upande wa meneja, na simu zisizokoma kulia. Meza ya pembeni, karibu na choo, ilikuwa ya dada mmoja ambaye wenzake walimwita Kiberiti, kwa sababu ulimi wake haukuhitaji kusuguliwa mara mbili. Mteja akiuliza kwa nini bomba lake limekauka, alimjibu, "Bomba kubwa limepasuka, mama, na vipuri havijaagizwa. Tafuta maji kwingine." Wateja walimshukuru, wakaenda kutafuta maji kwingine. Meneja hakumshukuru.

"Kusema kweli si kosa," meneja alimwambia, "ila kuna namna ya kuisema mpaka isisikike. Hiyo ndiyo taaluma. Utakwenda semina."

Semina ilifanyika kwenye ukumbi wenye zulia. Mkufunzi, mwanamume mwenye tai na meno mengi, aliwafundisha kutabasamu kabla ya kupokea simu, kumwita kila mtu "mpendwa mteja", na kutotamka kamwe neno "hapana". Nafasi ya msimamizi wa zamu ilikuwa wazi, na Kiberiti alikuwa na mama wa kumtunza, basi alijifunza kwa moyo wote. Alifanya mazoezi nyumbani mbele ya kioo, akiuambia mswaki kwamba malalamiko yake yamepokelewa. Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu.

Jioni ya siku aliyokabidhiwa cheti, alivua kifaa cha masikioni, akatundika mkoba begani, akafungua mdomo kumuaga mlinzi. Hakikutoka kitu. Aligeuka. Mezani pake sauti yake ilikuwa bado inapokea simu. "Karibu, mpendwa mteja, nikusaidie nini?" Kiti kilikuwa kitupu, ila kilizunguka kidogo kila sauti ilipocheka.

Meneja alipita na kikombe cha chai, akasimama kusikiliza.

"Afadhali," alisema. "Zamu ya jioni ilikuwa na pengo." Kisha akazima feni, maana sauti haisikii joto.

Ikawa ndiyo kawaida. Asubuhi Kiberiti akiketi, sauti inamrudia. Jioni akiinuka, inabaki.

Mama yake alikuwa amezoea kubishana naye juu ya kila kitu, kuanzia chumvi hadi serikali. Jioni ya kwanza alidhani amenuniwa. Jioni ya pili alimchemshia tangawizi. Jioni ya tatu Kiberiti alimwonyesha kwa ishara, mkono mmoja kooni na mwingine ukielekea kazini, na mama akaelewa.

"Basi hata mimi nilikuwa na haja nayo," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Maneno hayo yalimkata Kiberiti maini. Asubuhi, mara tu alipoketi, alimwita meneja. Alikusudia kusema, "Nirudishieni sauti yangu, mama yangu anakula na bubu." Kilichotoka kilikuwa hiki: "Nashukuru sana kwa fursa hii, na ningependa tutazame kwa pamoja namna ya kuboresha matumizi ya sauti yangu baada ya saa za kazi."

Meneja alipiga makofi. "Mnasikia mwenzenu anavyojieleza?" aliwauliza wengine. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemfanya msimamizi wa zamu.

Kiberiti aliingia chooni akalia, na hata kilio kilitoka kwa adabu.

Siku zikapita. Jioni moja mama alichukua simu yake, akaiwekea spika, akapiga namba ya kampuni ya maji. Kiberiti alikuwa ameketi mkekani pembeni yake, anakunja nguo.

"Karibu, mpendwa mteja, nikusaidie nini?"

"Mwanangu, umekula?"

"Swali lako ni la muhimu sana kwetu."

"Najua hujala," mama alisema. "Haya, niambie. Bomba la uani limekauka tangu mvua ziishe. Maji yatatoka lini?"

"Tunaomba radhi kwa usumbufu. Fundi wetu yuko njiani."

Mama alimtazama binti yake. Kiberiti aliacha kukunja nguo, akatikisa kichwa. Hayuko.

"Vipuri je, vimeagizwa?"

"Suala hilo linafanyiwa kazi kwa ukaribu."

Kiberiti akatikisa kichwa tena, safari hii kwa nguvu, mpaka kilemba kikamlegea.

Habari haifichiki penye ukuta mmoja. Jirani yao, mama mshonaji, alikuja na ndoo zake akaomba naye aulize. Baada yake wakaja wengine. Walikaa uani wakiielekezea simu masikio na wakimkazia Kiberiti macho. Sauti ilijibu kila mtu kwa upole, nacho kichwa kikajibu baada yake. Watu walimshukuru Kiberiti, wengine wakaishukuru na simu, wasije wakaonekana hawana adabu, kisha wakaondoka na ndoo tupu kutafuta maji kwingine. Wapo waliomwandikia meneja kuisifu sauti ile. Bomba halikuguswa.

Watu walipoisha, mama hakukata simu.

"Mwanangu, huchoki?"

"Sichoki kamwe, mpendwa mteja. Tupo hapa kwa ajili yako."

Kiberiti, macho yamemjaa, aliitikia kwa kichwa kwamba anachoka. Mama alimvuta, akamlaza mapajani pake, akaanza kumfumua nywele polepole.

"Je, kuna jambo jingine naweza kukusaidia?" sauti iliuliza.

"Endelea kuongea tu," mama alisema. "Tunakusikiliza."