Mfunga Karatasi

Leocádia Trindade alidhihakiwa mbele ya watu mia mbili. Alikunja miwani yake, akaitia mkobani, akashuka ngazi za ukumbi mmoja jijini Porto Alegre kwa mwendo wa mtu atokaye ibadani. Waliodhani wanamjua walisema amesamehe.

Evaldo Kunzler ndiye aliyeiandika Taquara, programu huria ya kupanga foleni za wagonjwa katika zahanati. Aliiandikia kompyuta moja, yake mwenyewe, na humo ilikwenda kama saa. Kwingineko ilikwama. Maana Linux, mfumo huria unaoendesha kompyuta hizo, si nyumba moja. Ni koo nyingi, na kila ukoo una mila zake: faili hili hukaa hapa, lile huitwa hivi, na kisichofuata mila hakivuki kizingiti. Kwa miaka tisa Leocádia, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ndiye aliyeifungasha Taquara kwa ajili ya koo tatu, Araucária, Ipê na Minuano. Kila ilipogoma aliishonea kiraka, na kila kiraka alikipeleka kwa Evaldo kwa adabu, kikiwa na jina la aliyekishona. Evaldo alipokea viraka arobaini na kimoja. Jina alilifuta mara arobaini na moja.

Leocádia alimwandikia barua tatu, akimkumbusha kwamba leseni ya programu ile inaamuru jina la kila aliyeandika lisiondolewe. Hakujibiwa. Jibu lilikuja jukwaani, katika mkutano wa mwaka, pale mtu mmoja alipouliza kama Mama Leocádia naye hastahili shukrani.

"Anastahili, kwa nini asistahili?" alisema Evaldo huku akitabasamu. "Ila tusichanganye mambo, jamani. Mwoka mkate ni mimi. Yule anafunga karatasi tu."

Ukumbi ukacheka. Dharau ya mtu mmoja Leocádia angeweza kuibeba. Kile kicheko hakikubebeka.

Jumatatu iliyofuata alianza kazi. Leseni ile ile iliyovunjwa na Evaldo ilimruhusu mtu yeyote kuichukua Taquara na kuiendeleza kwa jina jingine, mradi asifute jina la mtu. Akaichukua, akaitia viraka vyake vyote, akaiita Carqueja, kwa jina la majani machungu ambayo watu wa kwao huyachemsha kutibu tumbo. Kisha akaiweka katika foleni ya vifurushi vipya vya koo zote tatu, ambako wakaguzi husoma faili baada ya faili bila haraka. Alijua ingechukua miezi minne. Alingoja.

Mtu wa pekee aliyemwambia ni Jurema, muuguzi wa zahanati ya mtaani, ambaye kila asubuhi aliita wagonjwa kwa Taquara.

"Dada, si umwambie akuombe radhi, yaishe?" Jurema aliuliza.

"Nimeandika mara tatu. Mimi si kengele."

"Na sisi je? Nikose foleni, wale wazee wa sukari watanitafuna mzima mzima."

"Foleni yenu haitasimama hata siku moja. Sina ugomvi na wagonjwa."

Jurema akatikisa kichwa. "Wewe ndiye wa kuogopwa. Wenzako wakikasirika wanavunja sahani. Wewe unaziosha."

Siku kumi kabla ya koo zile kufunga orodha ya toleo jipya, Carqueja ilikubaliwa. Saa hiyo hiyo Leocádia alijiuzulu utunzaji wa Taquara, akaiandikia hati ya hitilafu nzito: imebeba kazi ya mtu ambaye jina lake limefutwa. Kifurushi chenye hitilafu nzito siku ya kufunga hutupwa nje, na toleo linalofuata huja baada ya miaka miwili.

Dawa yake ilikuwa kulirudisha jina tu. Mlango huo Leocádia aliuacha wazi. Ila alimjua mtu wake, na alijua kiburi chake hakikuweza kuinama hata kiasi hicho.

Evaldo aliandika hadharani: "Kama ni viraka vyake, abebe vyote. Taquara haina shida navyo." Akavifumua, akaijaribu programu kwenye kompyuta yake, ikaenda, akaituma. Kompyuta ile hakuwa ameihuisha kwa miaka tisa. Ndani yake vilikaa vipande vya kale ambavyo koo zote tatu zilikwisha kuvitupa, na ni viraka vya Leocádia vilivyokuwa vikiliziba pengo hilo. Kwenye mitambo ya koo, ambayo huijenga kila programu upya kutoka sifuri, Taquara ilianguka kwa Araucária, ikaanguka kwa Ipê, ikaanguka kwa Minuano.

"Mbona kwangu inafanya kazi?" aliandika.

Msimamizi wa Minuano akamjibu: "Bwana Kunzler, hatuwezi kuisambaza kompyuta yako."

Orodha ilifungwa Ijumaa adhuhuri, Taquara ikiwa nje, Carqueja ndani.

Jumamosi Evaldo alibisha mlangoni kwa Leocádia, mkononi ana keki ya zabibu iliyookwa na mama yake, imefungwa kwa karatasi na uzi. Leocádia alimkaribisha kiti uani. Akamimina maji ya moto katika kibuyu cha mate, chai ya majani ambayo kwao hunywewa kwa kupokezana, akanywa wa kwanza, kama ilivyo ada ya mwenyeji. Kisha akakijaza tena, na badala ya kumpa mgeni, akanywa mwenyewe. Evaldo aliona, akainamisha macho.

"Mama, nimekosa. Nitaliandika jina lako. Juu kabisa."

"Jina langu limekwisha kupata mahali." Akamgeuzia kompyuta. Lilikuwa faili la Carqueja la haki za walioiandika, na mstari wa kwanza ulisema: Evaldo Kunzler. Wa pili: Leocádia Trindade.

"Umeniweka wa kwanza," alisema Evaldo kwa sauti ndogo, kama aliyeona tumaini.

"Ulianza wewe. Leseni inataka majina yote, nami naitii."

"Kwa hiyo tunaweza…"

"Unaweza kuleta viraka, kama mtu yeyote. Vikiwa safi, nitavipokea. Jina lako halitafutwa."

Evaldo akaaga. Alipokwisha kuondoka, Leocádia aliufungua uzi wa keki ile, akauzungusha vizuri kidoleni. Karatasi aliinyosha kwa kiganja, akaikunja mara nne, akaiweka kabatini. Keki akawatupia kuku.