Kadi za Zamani kwenye Mashine ya Marehemu

Léonie alijua kadi ipi ilifaa. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye wapo waliomtetea kwamba alikosea kwa kutojua, na huko ni kumwonea huruma ya bure.

Mama Jamila, mfanyabiashara wa samaki wakavu karibu na stesheni ya Kamina, alikuwa amempa kazi nyepesi: kamera nne za kulinda depo, na kompyuta ya kurekodi picha zake. Matenga ya samaki kutoka Bukama yalikuwa yakipungua moja moja, na mama wa watu alichoka kugombana na hewa. Léonie, fundi wa kompyuta na binti wa mtu wa reli, alimweleza vizuri. Kamera huingia kwenye kompyuta kupitia kadi, na kadi ni za aina mbili. Za zamani, PCI, zote hugawana njia moja, kama treni nne kwenye reli moja: hii ikipita, zile zinangoja. Za kisasa, PCI Express, kila moja ina njia yake. Kwa kamera nne, ni za kisasa tu.

"Basi weka za mupya," akasema Mama Jamila.

"Haiwezi kuingia mu ordinateur yako, mama. Nafasi zake zote ni za zamani. Inaomba ordinateur ingine."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kompyuta ile ilikuwa ya marehemu Zakaria, mumewe, na herufi alizozipiga sana zilikuwa zimefutika kwenye vibonye. Mama Jamila aliipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge, akakataa iondolewe, akasema taratibu, "Hii njo Zakaria alikuwa anatumika nayo. Hapana kuitosha hapa, mutoto yangu."

Nani angekuwa na moyo wa jiwe? Léonie alichomeka kadi mbili za PCI, kamera mbili kwa kila kadi, na picha zikatoka. Lakini kamera zote zilipofanya kazi pamoja, picha zilikwama na kuruka, sekunde chache hapa, karibu dakika pale. Aliliona siku ile ile ya kwanza. Akajiambia kwamba samaki mkavu hakimbii, akafunga mfuko wake wa bisibisi akaenda nyumbani.

Wiki ya tatu, Ijumaa mchana, Mama Jamila alirudi kutoka msikitini akakuta tenga moja halipo. Akamwita Léonie, wakarudisha picha nyuma. Papa Ferdinand, mlinzi wa depo kwa miaka kumi na miwili, mstaafu aliyekuwa akigeuza njia za treni, alionekana amesimama kando ya tenga. Picha ikaruka. Papa Ferdinand yuko mlangoni, na tenga hakuna.

"Minyi sikubeba," mzee akasema. "Camion ilipiga honi, nikaenda kuangalia ku mulango. Rudisha tena. Angalia saa."

Alikuwa ameishi kwa saa maisha yake yote. Akaweka kidole kwenye kona ya kioo: 12:41:07, kisha ghafla 12:41:52. "Secondes makumi ine na tano iko wapi?"

Mama Jamila akamgeukia Léonie. "Mashini inasemaka bongo, inadanganya?"

Kusema kweli kulikuwa kukiri kwamba kazi yake ni mbovu, mbele ya wapagazi wa depo waliokuja kutazama, na Kamina habari hailali njiani. "Hapana, mama," Léonie akasema. "Haisemake bongo."

Papa Ferdinand alimtazama kidogo tu. Akavua funguo shingoni, akaziweka mezani, akaondoka. Afadhali angetukana.

Jumamosi na Jumapili Léonie hakuugusa hata ugali. Aibu ilimla. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya Mama Jamila kabla hata ya kumsalimia vizuri.

"Mama, siku ya Ijumaa nilikusemea bongo. Mashini haikuona kitu. Picha zilipotea mu njia, juu kadi ni za zamani. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Basi nani alibeba kitunga?"

"Siyui. Na mashini haiyue pia."

Mama Jamila alipandwa na hasira, kisha hasira zikageuka machozi. "Umenifukuzisha muntu yangu," alisema. Alikaa kitambo akiitazama ile kompyuta. Halafu akachomoa nyaya kwa mkono wake mwenyewe. "Leta ile ingine. Zakaria hangekubali muntu afukuzwe juu ya mashini yake."

Wakaenda kwa miguu mpaka mtaa wa reli, mwenye depo na fundi wake, juani, majirani wakikodoa macho. Papa Ferdinand alikuwa uani akichambua maharage na mkewe Élisa. Mama Jamila hakungoja kiti. Alichuchumaa mbele yake.

"Papa, unisamehe."

"Mwizi alipatikana?"

"Hapana."

"Basi mu roho yako minyi ningali mwizi?"

"Miaka kumi na mbili ulitembea na funguo zangu mu shingo," Mama Jamila akasema. "Ile njo nilipashwa kuangalia, papa. Si kioo."

Mzee akamgeukia Léonie. "Na weye, ulijua?"

"Nilijua, papa."

"Ku reli, muntu akikosea njia anasema palepale, kabla treni ingine haiyafika. Weye ulingoja siku tatu. Baba yako alikufundisha vile?"

Léonie alilia, na wala hakujificha uso. Élisa akamsogezea kigoda. Maharage yakaendelea kudondoka ndani ya ungo.

"Na sasa," Papa Ferdinand akauliza, "nani anachunga depo?"

Mama Jamila akamtazama Léonie. Léonie akamtazama Mama Jamila.

"Hakuna muntu," Mama Jamila akasema kwa sauti ndogo. "Mulango iko wazi."

"Banamuke hawa!" mzee akaruka, na tayari alikuwa akitafuta viatu vyake.