Kitungi cha Mashine ya Danson

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, Truphena alichomoa kitungi cha maji kwenye mashine ya kupumulia ya mumewe, akamwaga maji yaliyobaki, akakiosha kwa sabuni ya vyombo na kukilaza kivulini kikauke. Koo la Danson lilikuwa likijifunga usingizini. Mashine ilimsukumia hewa puani, na kitungi kiliitia hewa hiyo unyevu. Sista Metrine, muuguzi wa Garsen, aliwaagiza watumie maji ya chupa ya duka la dawa, wasitie ya mto.

Tangu mafuriko, duka la dawa halikuwa na maji hayo. Truphena aliteka ya mto Tana, akayakoroga kwa shabu mpaka tope likazama, akayachemsha kama alivyofanya mama yake. Yalikuwa meupe kabisa alipoyatia.

Asubuhi kitungi kilikuwa na tope hadi nusu, na ndani ya tope, punje za mpunga mwekundu.

Truphena aliijua mbegu yao. Kabla ya mafuriko ilikuwa ikining'inia juu ya meko, ndani ya kibuyu. Bwawa la umeme la juu ya mto lilipofunguliwa bila mtu kuambiwa, maji yaliwakuta wakila. Wote walikimbilia kwenye tuta. Binti yao Everline alirudi kuchukua kibuyu, kwa sababu Mpokomo huacha nyumba, haachi mbegu. Hakuonekana tena. Afisa wa maafa alitangaza kwamba hakuna aliyekufa ila kuna waliohama. Tangu siku hiyo Truphena alitaka jambo moja tu: aambiwe kwamba mwanawe amekufa, na kilichomuua kitajwe.

"Mbegu imefika, Baba Everline."

"Ianike," alisema Danson. "Isije ikaoza."

Baadaye kitungi kilileta jino la mbele, lililomegeka siku Everline alipofungua soda kwa meno. Kisha vidole. Kisha mbavu, ingawa kitungi hakikuzidi ukubwa wa bakuli. Truphena aliviosha vyote kwa sabuni ileile. Kila Jumamosi alikiloweka kitungi kwenye siki, kama alivyofundishwa.

"Unalala vizuri?" alimuuliza mumewe.

"Vizuri. Ila huyu mtoto anagongagonga kwenye mpira wa hewa."

Everline alipotimia mifupa yote, walimfunika leso kwenye beseni, wakampeleka kwa afisa wa maafa.

"Mzee, hii ni mifupa," alisema afisa.

"Ni Everline."

"Imetoka wapi?"

"Kwenye kitungi cha mashine yangu."

Afisa alitikisa kichwa kukubali. "Mlitia maji gani?"

"Ya mto," alisema Truphena. "Niliyatia shabu."

"Basi mama, hapo ndipo mlipokosea. Mliambiwa maji ya chupa. Huyu ametokana na matumizi mabaya ya mashine. Bwawa haliingii hapo."

Akawafunikia beseni vizuri, akawafungulia mlango.

Walimzika Everline kando ya migomba, wakapanda mpunga wake. Asubuhi iliyofuata kitungi kilikuwa na kikuku kidogo cha fedha, cha mtoto asiye wao. Truphena alikiosha, akakikausha kivulini, akampelekea Gumato, mama wa Kiorma aliyepotelewa na mtoto mafurikoni, akahamia karibu na barabara ya Minjila.

Gumato alikipima kwa vidole viwili. "Ya Muna," alisema. "Mguu yake ilikuwa hivi."

Jioni Gumato alikuja na mtungi wa maji aliyoteka pale zizi lake lilipokuwa. Nyuma yake walisimama wengine, Waorma na Wapokomo, kila mmoja na dumu lake.

"Leo mzee alalie maji yangu," alisema Gumato.

"Pangeni foleni," alisema Danson. "Koo ni moja."

Akajifunga barakoa, akajilaza. Redio ilikuwa ikisema kwamba bwawa la juu limejaa tena, na wananchi wasiwe na hofu. Truphena alitia shabu kwenye maji ya Gumato, akaenda kutafuta beseni la pili.