Kiti Kinachotazama Mlango

Katika nyumba ile ya watunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, neno halikupita mpaka lisomwe kwa sauti. Binti alisoma, baba akasikiliza ng'ambo ya meza, macho kayafumba. Akiridhika, aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Baba alipofariki, binti alimzika, akarudi kazini, akasoma neno lililofuata kwa mazoea tu. Meza ikagongwa.

Tangu hapo hakuthubutu kupitisha neno bila mlio ule. Lakini siku hizi ulikuja kwa kuchelewa, mnyonge, na kiti kitupu kiliguna kama mtu anayeomba kuinuka.

Siku moja mdogo wake wa kiume aliusikia mlio huo akiwa mlangoni. Akaiweka chini sahani ya chakula aliyomletea.

"Dada, hata kibarua hupewa likizo. Mzee umemzika, halafu unamwita kazini kila siku?"

"Simwiti. Anakuja mwenyewe."

"Atakukatalia vipi, na wewe ndiye roho yake? Angekuwa ananingoja mimi, kichwa maji, angeshalala zamani." Akacheka, lakini machozi yalimlengalenga.

Mchana ule ilifika zamu ya neno la Kiingereza *manumit*: kumwacha huru mtumwa. Dada akakisomea kiti asili ya neno hilo. "Limetoka Kilatini, kwa maneno mawili: mkono, na kuachilia. Kwa Warumi, bwana alimshika mtumwa wake mbele ya hakimu, akatamka kwamba anataka awe huru, akamgeuza, akamwachia."

Akangoja. Meza haikugongwa. Baridi ikamjaa kiganjani, akautazama mkono wake. Vidole vilikuwa vimekunjwa, vimekaza, kama siku ile wodini muuguzi alipomsihi, "Mwachie, dada yangu. Ameshaenda."

"Kumbe ni mimi niliyekushika, baba," akanong'ona.

Akainuka, akakigeuza kiti kikatazama mlango. "Nataka uwe huru." Akavikunjua vidole, kimoja kimoja, na kila kimoja kilimuuma. Kiti kikalia kidogo, kama kinavyolia mtu anapoinuka. Pazia la mlangoni likasogea, likatulia.

Mdogo wake alikuwa amejibana ukutani. Akajibandua, akasogea mezani.

"Sasa huyo mtumwa, alipoachiwa, alikwenda wapi?"

"Kamusi haisemi."

Dada akaketi, akalisoma neno upya, safari hii kwa mdogo wake. Kisha akagonga meza kwa kifundo chake mwenyewe. Mlio ulikuwa mdogo, mgeni masikioni. Akafungua ukurasa uliofuata.